Kadena ya Mtu Mwingine

Mjukuu wangu Nadine ameajiriwa na kampuni moja ya wageni hapa hapa Likasi, na juzi alirudi nyumbani na kijitabu cha maadili ya kazi. Kina picha za watu wanaocheka huku wamevaa kofia ngumu. Mimi nimefanya kazi kiwandani tangu nilipoota ndevu mpaka zilipoanza mvi, na sikuwahi kumwona mtu akicheka namna ile chini ya kofia ngumu, maana ile kofia inabana. Hata hivyo nilikisoma chote. Ni kijitabu kizuri. Kinasema usiibe, usipokee zawadi, usimtukane mwenzako, usije kazini umelewa. Ukurasa wa mwisho una nafasi ya kuweka sahihi kwamba umeelewa, na Nadine alikuwa ameshaweka sahihi kabla ya kuanza kusoma.

Akaniuliza kama sisi, enzi za kampuni ya serikali, tulikuwa na kitabu cha namna hiyo. Nikamwambia tulikuwa na kadena. Akadhani nimechoka, akaniletea chai na kunifunika blanketi miguuni. Basi nimeona nieleze vizuri, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wenzake mnaoanza kazi, kwa sababu sipendi kufunikwa blanketi mchana.

Kadena ni kufuli, lile la kuning'inia, la chuma. Sisi tulikuwa mafundi wa kutengeneza vinu, na kinu ninachokisema si kile ambacho mama zenu wanatwangia sombe, yale majani ya muhogo. Ni pipa la chuma lililolala ubavu, kubwa kuliko nyumba hii ninayokaa, lenye mipira ya chuma tumboni, na likizunguka linasaga mawe ya shaba mpaka yanakuwa unga. Umeme wake ulitoka Mwadingusha, kwenye maji ya Lufira, na umeme ule haukujua nani yuko wapi. Swichi ikiguswa, kinu kinazunguka. Kwa hiyo fundi, kabla hajakishika kinu, alizima swichi kubwa, akaifunga kwa kadena yake mwenyewe, akatia ufunguo mfukoni. Kila mmoja alikuwa na kadena yake yenye namba yake imechongwa juu, na ufunguo mmoja tu. Kadena ikiwa pale, kinu hakiwashwi, na aliyeifunga ndiye anayeifungua. Sheria ilikuwa hiyo tu. Unaweza kuifundisha huku unamenya ndizi, na ndizi bado haijaisha.

Aliyenifundisha mimi ni ba Chisenga, chefu, yaani msimamizi, wa timu yetu. Hiyo "ba" ni ya heshima. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na kila mtu aliitwa citoyen, yaani mwananchi, kwa hiyo mbele ya wakubwa tulimwita citoyen Chisenga, na wakishageuka tulirudi kwenye "ba". Alikuwa mfupi, mwembamba, na alikuwa msumbufu. Sisemi hivyo kumvunjia heshima. Mke wake, mama Suzana, aliyekuwa akimpenda kuliko watu wote duniani, ndiye aliyesema kwamba kuishi na yule mtu ni kama kuwa na mgeni mkaguzi nyumbani kila siku. Saa ya chakula alikaa peke yake, kwa sababu ukikaa naye alikuonyesha namna ya kufinyanga bukari, ugali wetu. Kanisani aliimba kwaya, aliimba vibaya, na alikosoa walioimba vizuri.

Wiki yangu ya kwanza nilifunga kadena kwenye swichi, nikafanya kazi yangu, na wakati wa kufungua nikakuta ufunguo sina. Asubuhi nilibadilisha suruali, ufunguo ukabaki kwenye ile nyingine nyumbani. Nikamwendea ba Chisenga na tabasamu la mtu mwenye akili. Nikamwambia tuikate tu, maana ni kadena yangu mwenyewe, hakuna anayedhulumiwa.

"Kama njo yako," akasema, "funguo yake iko wapi?"

Nikasema iko nyumbani. Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. Nilikuwa nakaa upande wa pili wa mji, na lilikuwa jua la Oktoba. Nilikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na muda wote huo kinu kilikuwa kimesimama na mkuu wa uzalishaji anamfokea ba Chisenga, anamuuliza kinu kinangoja nini. Ba Chisenga alikuwa anamjibu kwa upole kwamba kinangoja suruali. Niliporudi sikufokewa. Alinipa maji ya kunywa na kipande cha kamba nifunge ufunguo kiunoni. Kamba ile niliitumia miaka yote, na mke wangu alipofua nguo aliivua kwanza kama anavyomvua mtoto nguo.

Kijitabu cha Nadine kinasema tuheshimiane. Sawa. Ba Chisenga hakuwahi kusema neno hilo, lakini alikuwa na desturi moja ambayo nimeitafuta kwenye kijitabu nikaikosa. Mtu akiwa juu ya ngazi, hagombezwi. Hata akifanya upuuzi wa namna gani, unamsubiri ashuke, miguu yote miwili iguse chini, apumue, halafu ndipo umwambie alivyo mjinga. Nimemwona ba Chisenga amesimama chini ya ngazi, uso umevimba kwa hasira, anasubiri kimya kama mtu anayesubiri misa ianze. Wengine tulijifunza kukaa juu muda mrefu. Ila njaa ilitushusha.

Na zawadi je? Siku moja baba wa kibarua wetu mmoja alikuja kutoka Kapolowe na kuku jike mnene, anaomba mtoto wake atolewe kwenye zamu ya usiku. Sasa nyinyi mnajua kwetu huwezi kumrudishia mzee zawadi yake usoni. Ba Chisenga akampokea kuku kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo, akashukuru. Mzee akaondoka amefurahi. Kisha ba Chisenga akamfunga kuku kwenye mguu wa meza ya karakana, akaandika kwa chaki juu ya meza kwamba mwenye kuku atapita kumchukua. Kuku akakaa pale, anakula mahindi aliyoleta ba Chisenga kutoka kwake, na yule kibarua kila akipita anatazama dari. Kuku akataga. Mayai yakatiwa kwenye kopo la bolti. Mzee aliporudi kuuliza habari za zamu, akakabidhiwa kuku wake, mayai yake, na salamu za mtoto wake aliyekuwa amelala nyumbani kwa sababu ya zamu ya usiku. Nasikia kuku yule, kule Kapolowe, alishindwa kulala kwa sababu ya kimya.

Kuhusu wizi sitasema mengi. Miaka ile karibu kila nyumba ya kambi ya wafanyakazi ilikuwa na kitu cha kampuni kilichopotea njia, na waliopoteza waya wa shaba kwa wingi walipelekwa Buluo kukaa nyuma ya kuta ndefu. Nyumbani kwa ba Chisenga hapakuwa na kitu cha kampuni isipokuwa nyumba yenyewe. Nyumba, shule ya watoto, hospitali, vyote vilikuwa vya kampuni, na hapo ndipo alipokuwa ameshikwa. Mama Suzana aliugua figo. Kila wiki alikwenda hospitali ya kampuni, na aliandikwa pale kwa jina la kazi ya mumewe. Kazi ikiondoka, jina linaondoka, na figo zinabaki. Mlikumbuke hilo, maana yeye alilikumbuka kila siku.

Sasa nifike kwa Ngoie. Ngoie alikuwa fundi mwenzangu, kijana mzuri, mcheshi, na kiuno chake kilijulikana mpaka Lubumbashi. Miaka ile kila idara ilikuwa na kikundi cha kucheza na kuimba sifa za chama na za Mkuu wa nchi, na mtu anayejua kucheza alikuwa na thamani kuliko mtu anayejua kuchomelea. Kikatangazwa kwamba mkubwa mmoja kutoka Kinshasa atapita Likasi na kutembelea viwanda. Mji mzima ukapakwa chokaa. Walipaka kuta upande unaoonekana kutoka barabarani, na mawe, na miti mpaka usawa wa kiuno. Ofisi kuu nayo ikaahidi kwamba mgeni atakuta vinu vyote vinazunguka.

Asubuhi ya siku hiyo Ngoie alikuwa kwenye kinu cha pili, anakaza bolti za gia kubwa, ile inayokizungusha kinu. Kadena yake iko kwenye swichi kama inavyotakiwa. Lori la vijana wa chama likaja kuchukua wachezaji mapema kuliko walivyosema, likapiga honi, wakamkamata na grisi mikononi, wakampandisha. Ufunguo ulikuwa kiunoni kwake, umefungwa na kamba.

Injinia wetu aliitwa Kalala. Alisoma Ulaya, hakuwa mtu mbaya, na siku hiyo alivaa abakosti nyeupe, ile suti isiyo na tai. Akapita akahesabu vinu kwa masikio. Kimoja kilikuwa kimya. Akaja kwenye swichi, akaikuta kadena.

"Hii ni ya nani?"

Ba Chisenga akasema ni ya Ngoie.

"Na Ngoie eko wapi?"

"Eko ku barabara, anangoya kucheza."

Injinia akakimbilia simu, akapiga ofisi ya chama kuomba Ngoie arudishwe kidogo tu, dakika chache. Tulikuwa karibu, tulisikia upande mmoja wa mazungumzo, na upande huo ulikuwa unazidi kupungua sauti. Alituambia baadaye kwamba waliuliza jina la mtu anayetaka kuwanyima wananchi furaha. Akakata simu. Mambo yalikuwa hivi, wanangu: kinu kilitakiwa kizunguke kwa ajili ya mgeni, na Ngoie alitakiwa acheze kwa ajili ya mgeni, na amri zote mbili zilitoka kwa watu wale wale.

Injinia akachukua tochi, akakizunguka kinu, akainama chini, akaita. Akarudi na goti moja lina vumbi, akasema hakuna mtu, tukate kadena.

"Minye najua hakuna muntu," ba Chisenga akasema. "Ngoie alikuwa anakaza bolti za gia. Alifikia wapi?"

"Bila shaka amemaliza."

"Kama amemaliza, kadena ingekuwa mu mufuko yake."

Kuzikagua bolti zile kungetuchukua mpaka alasiri, na mgeni alikuwa njiani. Injinia akamsogelea. Sikumpenda kwa alichokisema, na ninakisema kama alivyokisema. Aliuliza polepole, kama mtu anayeulizia afya: "Bibi yako anatunzwa ku hospitali ya nani?"

Mimi nilikuwa na watoto wadogo, na swali lile lilinigusa kana kwamba nimeulizwa mimi. Ba Chisenga akasema: "Ya kampuni." Akatoa kadena yake mwenyewe kiunoni, akaitia kwenye tundu lililokuwa kando ya ile ya Ngoie, akaifunga, akarudisha ufunguo mahali pake.

"Sasa ziko mbili," akasema.

Injinia akanigeukia mimi, akanituma bohari nikalete mkasi wa kukatia chuma. Nilikwenda. Mpaka leo sijui ningefanya nini kama ningeupata. Bohari ilikuwa imefungwa, kwa sababu mtunza bohari alikuwa amepangwa barabarani kupunga bendera, na mlango ameufunga kwa kadena, na ufunguo ameondoka nao. Nikarudi nikatoa taarifa hiyo nikiwa nimesimama wima. Injinia akachukua msumeno wa chuma uliokuwa pale mezani, akaanza kukata mwenyewe, amevaa ile suti nyeupe. Kadena zile zilikuwa za zamani, za wakati wa Wabelgiji. Msumeno ulikuwa umenunuliwa juzi. Ukakatika.

King'ora kikalia. Msafara ukapita barabara kuu. Mgeni hakushuka garini. Walioona wanasema alipunga mkono kupitia dirishani, na wengine wanasema dirisha halikufunguliwa, mkono waliuona nyuma ya kioo. Vumbi likatulia, magari yakaelekea Kolwezi, na vinu vilivyokuwa vinazunguka vikaendelea kuzunguka.

Jioni Ngoie akarudi, nyasi za kuchezea bado ziko kiunoni, akaona watu wote wanamtazama. Akafungua kadena yake. Ba Chisenga akamuuliza bolti alifikia wapi.

"Nilimaliza zote, chef," Ngoie akasema. "Kadena njo nilisahau."

Ni kweli, alikuwa amezimaliza zote. Tulizikagua moja moja, na zote zilikuwa zimekazwa vizuri. Kama kadena ingekatwa, kinu kingezunguka kama kawaida na hakuna mtu ambaye angepoteza hata ukucha. Nawaambieni hivi kwa sababu najua mnapenda hadithi ambazo mwishoni mtu anakutwa ndani ya kinu. Hakukuwa na mtu ndani.

Ba Chisenga hakufukuzwa. Alihamishiwa shamba la kampuni upande wa Kapolowe, kusimamia pampu ya kumwagilia kabichi. Nyumba yao ya kambi wakapewa watu wengine. Kule shambani kulikuwa na zahanati yenye aspirini na kwinini, na kwa mgonjwa wa figo hiyo ni sawa na kutokuwa na zahanati. Basi mama Suzana akabaki Likasi, kwetu, kwenye chumba cha watoto, na watoto wakalala sebuleni. Jumamosi mumewe alikuja na lori la mboga, analeta kabichi, na samaki mkavu akimpata. Jumapili aliimba kanisani vibaya, halafu anarudi shambani. Tulikula kabichi mpaka watoto wangu wakaanza kuziita kwa majina ya watu.

Iliniuma. Kila nikimwona mama Suzana anakunja mkeka wake asubuhi ili asizuie njia, iliniuma. Hakuwa mlalamishi. Ila jioni moja, tunasubiri maji yachemke, aliniuliza kitu bila kunitazama.

"Ile kakadena ingekatwa, nani angekufa?"

Nikafikiri sana. Nikamwambia: "Hakuna, mama."

"Aya," akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Kule kazini, chefu wetu mpya alikuwa Ngoie. Kikundi chake kilikuwa kimewapendeza wakubwa siku ile, na zawadi ikawa cheo. Nitasema haki: alikuwa chefu mwema. Alitoa ruhusa za misiba bila kuuliza nani amekufa, na alimgombeza mtu huku anacheka. Na ili kurahisisha kazi, alipigilia msumari ukutani kando ya swichi, tukaanza kutundika funguo zetu zote pale. Ukitaka kufungua kadena ya mwenzako aliyekwenda kunywa munkoyo, unanyoosha mkono tu. Hakuna tena kutembea juani kufuata suruali. Tulifurahi, na mimi nilikuwa mmoja wa waliofurahi, ingawa ile kamba ya kiunoni sikuivua, sijui kwa nini.

Halafu kinu cha pili kikaanza kutoa sauti. Ilikuwa sauti ya kitu kilichopasuka ndani. Ofisi kuu ikataka kujua kama kinaweza kuendelea au kisimamishwe kwa miezi, na haikutaka maneno ya fundi. Ilitaka injinia aone kwa macho yake na aseme kwa mdomo wake. Kinu kikazimwa, mlango wake mdogo ukafunguliwa, na Injinia Kalala akaja amevaa salopeti safi, ovaroli ya kazi. Mlango ule unaingiza mtu mmoja kwa kujikunja. Ndani ni giza, mipira ya chuma chini ya miguu, na chuma pande zote. Akatia mguu mmoja. Akasimama hapo, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Swichi imefungwa na nani?"

"Imefungwa, citoyen ingénieur," Ngoie akasema.

"Na nani?"

Ngoie akatazama msumari wenye funguo.

"Na siye wote," akasema.

Injinia akautoa mguu. Alifanya hivyo polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Alitutazama mmoja mmoja, na nadhani kwa mara ya kwanza alituona vizuri. Kisha akasema bila kupandisha sauti: "Muende na jipu yangu ku Kapolowe. Munileteye ule muzee."

Nilikwenda mimi na dereva wake, kwa gari hilo. Tulimkuta ba Chisenga katikati ya kabichi, pampu ameifungua yote, vipande vimepangwa juu ya gunia kwa mpangilio anaoujua yeye. Kwenye kisanduku cha swichi ya pampu, ambacho mtoto angeweza kukivunja kwa jiwe, ilikuwepo kadena yake. Nikamwambia injinia anamwita.

"Ya nini?"

"Anataka kuingia mu kinu."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Akanawa mikono kwenye mfereji. Muda wote huo nilikuwa nasubiri aseme kitu, hata tusi dogo, maana mimi ningelisema. Alifunika vipande vya pampu na gunia lingine, akamwambia mlinzi wa shamba asiguse kitu, akapanda jipu. Njiani aliniuliza habari za mama Suzana, na alimkosoa dereva namna ya kubadilisha gia.

Tulipofika kiwandani, Injinia alikuwa bado amesimama pale pale mlangoni pa kinu. Ngoie alikuwa juu ya ngazi, anashughulika na taa. Ba Chisenga akauona msumari na funguo zimening'inia. Uso ukamvimba kama zamani. Akaenda chini ya ngazi, akasimama. Injinia akasimama. Sote tukasimama. Ngoie alijua, na alichukua muda na ile taa kuliko taa inavyohitaji, lakini mwishowe akashuka. Miguu ilipogusa chini ba Chisenga akamwambia maneno yake, na sitayaandika kwa sababu Nadine atasoma. Ngoie aliyapokea yote ameinamisha kichwa. Kisha ba Chisenga akautoa msumari kwa koleo, akamrudishia kila mtu ufunguo wake mkononi.

Akaomba bohari kadena mpya kwa ajili yake, maana ile yake imebaki shambani, akaifunga kwenye swichi. Akaomba na nyingine, akampa Injinia pamoja na ufunguo.

"Hii ya nini? Yako si iko pale?"

"Weye njo unaingia," ba Chisenga akasema. "Funga yako."

Injinia akafunga. Mikono yake haikuwa imezoea, ilimchukua muda. Akatia ufunguo mfukoni, akaupapasa kwa nje, akaenda akajikunja, akaingia mzima mzima mpaka viatu vikapotea. Ba Chisenga akasimama mbele ya swichi, ameipa mgongo, mikono nyuma. Tulisikia hatua juu ya mipira ya chuma. Halafu sauti, nzito, ya mtu aliye ndani ya chungu:

"Chisenga, uko?"

"Niko."

Hatua. Tochi ikipiga huku na huku kwenye mlango mdogo.

"Chisenga?"

"Niko."

Iliendelea hivyo muda mrefu. Mwanzoni Injinia aliita kama mkubwa anayekagua zamu. Kadiri alivyozidi kwenda ndani, sauti ikawa inaita tu, haina ukubwa. Na kila mara ba Chisenga alijibu vile vile, kwa sauti moja, hata mara alizoitwa bila nafasi ya kupumua. Mtu yule niliyemwona akikosoa kila kitu chini ya jua hakukosoa hilo.

Injinia akatoka mweusi uso mzima. Ufa aliuona, na kinu kilisimamishwa, hayo ni mambo ya ofisi kuu. Ba Chisenga akafungua ile aliyoifunga yeye, naye Injinia akafungua yake, akabaki anaigeuzageuza mkononi. Kisha akamwambia ba Chisenga: "Kesho uanze kazi huku. Nyumba nitaitafuta mwenyewe."

Nilifikiri atashukuru. Nilifikiri hata atalia, maana mimi machozi yalikuwa karibu.

"Kesho hapana," ba Chisenga akasema.

"Kwa nini?"

"Pampu ya kabichi iko na kadena yangu."

Injinia akachoka. "Kuko mulinzi kule, si aikate..." Akaishia hapo. Akatazama ile kadena mkononi mwake. Tuliokuwepo wote tukatazama mahali pengine, mimi nilitazama viatu vyangu. Akamgeukia dereva.

"Murudishe Kapolowe," akasema. "Umungoye amalize."

Mimi nilikimbia nyumbani. Mama Suzana alikuwa jikoni na mke wangu, maji ya bukari yako motoni. Nikamwambia mumewe amerudishwa kazini, nyumba inatafutwa, mambo yamekwisha. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaniuliza anafika saa ngapi. Ikabidi nimwambie kwamba alikuwa ameshafika, na ameondoka tena, kwa sababu kule shambani kuna kadena.

Aliketi kwenye kibao. Alinitazama mpaka nikaogopa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka, akacheka mpaka mke wangu akamshika mgongo, na machozi yakamtoka akayaacha yatiririke.

"Basi bukari ya leo tukule siye," akasema, akasimama kutafuta unga.